Harusi Iliyosubiri Kunde

Ndugu, jamaa, marafiki, na ninyi mnaopendaga tu pilikapilika za harusi: familia inasikitika kuwatangazia kwamba harusi ya binti yetu imeahirishwa. Hakuna aliyeugua. Hakuna aliyekimbia. Kunde hazijazaa.

Tangazo hilo alilisoma shangazi wa bibi harusi, mwenyekiti wa kamati ya harusi, mkono kifuani, kwa sauti ya kuzika mtu mzito.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameshona magauni ya maharusi mpaka macho yakamchoka, na kila alipoalikwa aliona kioja kilekile: bibi harusi kakaa jukwaani kama sanamu, kalishwa kijiko kimoja mbele ya kamera, huku kamati inajipakulia mara ya tatu. Akaapa: chakula cha harusi yake atakipanda mwenyewe, na atakila.

Mchumba wake, fundi wa kuchomelea vyuma, akapasua mapipa mabovu, akayapandisha juu ya paa la jengo alimopanga bibi harusi. Wakajaza udongo, wakapanda maboga, nyanya, na kunde kwa wingi.

Balaa likaletwa na mapenzi. Jioni bibi harusi alifunga cherehani, akapanda na ndoo kumwagilia. Alfajiri mchumba alinyata ngazini na ndoo yake, amsaidie bila kujionyesha. Kila mmoja alishangaa udongo haukauki, akajisifu kwa mkono wenye baraka. Kunde zikalewa maji: majani mapana, mashina yamekwea hadi kwenye antena ya jirani, maua hakuna. Mpaka siku moja bibi harusi aliamka mapema, wakagongana ngazini, ndoo kwa ndoo.

"Kumbe ni wewe?"

"Na wewe?"

Shangazi alipopata habari, uso ulimng'aa. "Basi tuite wapishi, mwanangu. Wale wenye sare na kofia."

"Hapana, shangazi. Tunasogeza siku."

"Kwa ajili ya kunde! Watu watatucheka!"

"Wacheke. Wakichoka kucheka watakuwa na njaa."

Bibi harusi akaenda kwa msajili wa ndoa. Mzee yule akavua miwani. "Sababu? Ugonjwa? Msiba?"

"Kunde."

"Niandike sababu za kifamilia?"

"Andika kunde, mzee. Sina cha kuficha."

Yeye na mchumba wakaacha kumwagilia ovyo. Kamati ikasusa, na mtaa mzima ukamtania bibi harusi. Wateja walipima magauni huku wakiulizia afya ya kunde. Naye akajibu, pini mdomoni, kwamba zinaendelea vizuri na zinawasalimu. Jua likafanya kazi yake. Maua yakaja, kisha maganda, kisha harusi.

Kamati iliyosusa ikajikuta imekaa mkekani ikimenya kunde, shangazi mbele, gauni lake la hariri kalikunja mapajani, akiwafokea wanaomenya vibaya.

Chakula kilipopakuliwa, shangazi huyohuyo alisimama na kipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Wageni waheshimiwa! Leo binti yetu ametufundisha subira. Ametufundisha msimamo. Ametufundisha heshima ya jasho! Simama, mwanangu, utoe neno kwa umati huu."

Kamera zikamgeukia bibi harusi, aliyeinamia sahani ya pili, shela kaitupa begani.

"Shangazi," akasema, "nakula."