Ndoo Niliyotega Melini

Jamani, nichekeni tu. Mwanangu Zuhura amenipandisha meli ya watalii mara tatu, basi nikajiona mzoefu. Juzi humo melini, mezani, nilikuwa nawafundisha wageni wa safari za bahari, mtu na mkewe kutoka Masasi: chukueni chumba cha katikati, hakiyumbi sana; tafuneni tangawizi msije mkatapika.

Lakini kwetu Chilangala bomba likitoa maji leo, hujui litatoa tena lini. Kwa hiyo chumbani nilikuwa nimetega ndoo ya taka, bomba wazi, nikaja zangu kula.

Ghafla watu wakapiga kelele: maji yamejaa kwenye korido! Nikawahi jaketi la kujiokolea. "Tulieni," nikawaambia wa Masasi, "mimi haya nimeyazoea."

Zuhura akaingia kabeba ile ndoo inayomwagika, nahodha nyuma yake.

"Mama! Hata huku baharini unakinga maji?"