Firigisi ya Kuku wa Mwani

Siku hiyo siisahau, mwanangu. Baba mkwe alitokea Misungwi bila taarifa, nami nikatamani ardhi inimeze.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na pale kwetu Nyakato dawa za mifugo zilinunuliwa kama karanga. Mume wangu aliwanywesha kuku wake hata wasiougua, eti wanenepe haraka. Mtaalamu wa mifugo alimwonya kwamba kuku aliyenyweshwa dawa haliwi mpaka siku za dawa kuisha mwilini zipite. Akacheka tu, yule bwana!

Mimi nilikuwa na kuku wangu wachache. Jirani yetu Mpemba aliletewa mwani mkavu na ndugu zake, akanifundisha kuuchemsha na kuwapa kuku maji yake ili matumbo yasiwasumbue. Hawakuugua ovyo, lakini wembamba wao, we acha tu.

"Chinja yule jogoo mnene," mume wangu akaniambia jikoni.

"Yule kanywa dawa jana."

"Baba yangu utampa mifupa? Unataka kuniaibisha?"

Nilimwogopa mume, na mkwe nilimwogopa zaidi. Lakini mzee mwenyewe alikuwa ndio kwanza ametoka kuugua. Nikachinja wangu.

Mezani akaitazama sahani. "Mwanangu, uani nimeona majogoo manene. Mimi ndiye wa kupewa huyu?"

Nikapiga magoti. "Baba, wale wana dawa mwilini. Huyu kanywa maji ya mwani tu. Kama nimekosa, nisamehe."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulijua?"

Mume wangu akainamisha kichwa.

Mzee akachukua firigisi, ambayo kwetu mwanamke hakuigusa, akaniwekea kiganjani. "Kula," akasema. Nikala huku nalia.

Sasa nasikia umejenga banda la kuku huko Buswelu. Nisikilize. Mwani si muujiza. Kuku akiugua mwite mtaalamu, mpe kuku dawa atakayokuambia, kisha usubiri siku zake ziishe. Lakini dawa ya kunenepeshea, achana nayo kabisa. Ukiwazoesha kuku wazima dawa, vijidudu vitaizoea, na siku ya ugonjwa wenyewe haitakusaidia. Na usimuuzie mtu kuku ambaye baba yako usingempikia.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila atakayekula kwako aamke mzima.