Doa la Majivu Kwenye Ngoma

Mimi ngoma naiona. Msicheke! Tangu utotoni, ngoma ndogo ikilia naona weupe wa maziwa, na filimbi ni njano. Ngoma kubwa ya ukoo wa mume wangu ilikuwa nyekundu kama kichuguu kilicholowa mvua. Nilidhani kila mtu anaona hivyo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vijijini nje ya Shinyanga, machimbo ya almasi hayajafunguliwa. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Mavuno yalikwisha, mashindano ya ngoma yakakaribia, mama mkwe akanituma nikandike ukuta na kuupamba. Wanaume walikuwa wakifanya mazoezi uani, na mkono wangu ukafuata walichopiga: udongo mweupe, udongo mwekundu, mkaa. Ila siku hiyo katikati ya wekundu wa ngoma kubwa palikuwa na doa la kijivu. Nikachota majivu, nikalichora nilivyoliona.

Siku ya mashindano ngoma kubwa ikapasuka mbele ya umati. Kwetu, anayebaki na watazamaji ndiye mshindi. Sisi tulibaki na mbwa.

"Ameiroga! Alichora ufa kabla haujatokea!" wapigaji walifoka, wakiuonyesha ukuta wangu.

Mume wangu akarudi nyuma hatua mbili, bwege yule! Siku hizo mwanamke akiitwa mchawi, kurudishwa kwao ndiyo heri, wengine waliuawa.

Kiongozi wa ngoma alikuwa baba mkwe, na kwa mila zetu sikuruhusiwa kumtazama usoni wala kusema naye. Alikuja na ngoma mpya, iliyochongwa kwenye mti uleule wa ile iliyopasuka.

"Mwambie mkamwana ageukie ukuta," alimwambia mama mkwe, nami nimesimama hapohapo. "Achore ninachopiga."

Akapiga. Mungu wangu! Wekundu, kisha lile doa tena. Nikilichora, nimejihukumu. Nikiliacha, ngoma itapasuka na watanihukumu wao. Nikachora majivu. Wapigaji wakaguna.

Baba mkwe akatoa kisu, akaichana ngozi. Ndani mzinga wa ngoma ulikuwa umebunguliwa na wadudu, unga ukamwagika miguuni pake.

"Haya, uchawi uko wapi?" aliuliza. Loo, nilipumua!

Kisha akakohoa, kikohozi chake kilichokuwa kimegoma kupona, akacheka kidogo. "Mwambie achore na sauti yangu."

Akaimba. Mkono wangu ukaingia kwenye chungu cha majivu, ukagoma kutoka. Nililia palepale, nimempa mgongo, na watu wote wakanitazama.

Halafu baba mkwe akaivunja mila, akasema na mimi mwenyewe.

"Basi, mwanangu. Usichore."

Akawageukia wapigaji. "Huyu haondoki hapa, hata mimi nisipokuwepo."

Masika hakuyaona. Mimi bado naishi kwenye kaya yake.