Kibuyu cha Njia

Harufu ya ubani uliofukizwa ndani ya kibuyu naijua tangu utotoni, lakini ladha ya maji yake nilichelewa sana kuijua. Mama yangu alikuwa na vibuyu viwili vya safari. Kimoja kilikuwa chetu, naye alikijaza maji ya kisima cha pale Faza, yenye chumvi iliyobaki kooni hata baada ya kumeza. Cha pili alikiita kibuyu cha njia. Hicho alikisugua kwa mchanga, akakiinamisha juu ya chetezo mpaka moshi wa ubani ukajaa tumboni mwake, ndipo akatia maji ya mvua aliyoyahifadhi mtungini. Maji hayo yalikuwa ya yeyote tutakayemkuta ana kiu. Mimi, bintiye wa kuzaa, sikuruhusiwa hata kukigusa kizibo. Nilimuuliza kwa nini watu baki wanywe maji mazuri na sisi tunywe ya chumvi, akanijibu bila kugeuka, "Sisi twenda kwetu, mwanangu. Wa ndiani hatuyui atoka wapi." Nilinuna safari nzima siku ile.

Ulikuwa msimu wa kiangazi, miaka ya mwanzo ya serikali ya Waingereza, nami nilikuwa sijaanza kujifunga leso mwenyewe. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa ameteleza kando ya kisima kule Siyu akavunjika nyonga, na kila wiki tulitoka Faza kwenda kumwogesha na kumpikia. Nyumbani mama alikuwa wa watu wote. Baba alikuwa na wake wawili chini ya paa moja, na watoto tulijaa mpaka ukumbini, kila mmoja akivuta upande wa leso ya mama. Njiani tu ndipo alipokuwa wangu peke yangu. Nilipanda punda wa mjomba, tuliyemwita Farasi kwa kumfanyia dhihaka, na mama akatembea kando yangu, mkono wake juu ya goti langu, akinisimulia mambo ambayo wenzangu hawakuyasikia. Goti hilo nililiona kuwa mali kubwa kuliko nyumba yetu yote.

Mama alisafiri kwa adabu zake. Tulingoja maji yapwe, kwa sababu njia ya mikokoni hufunikwa yanapojaa, na hakuthubutu kubahatisha. Tawi la miiba akiliona njiani, alilitupa pembeni hata kama lilikwisha kumchoma. Farasi alimfunga mbali na mashamba ya tumbaku ya watu. Na mtu aliyekaa chini kando ya njia hakumpita kamwe bila kumuuliza hali. Mimi niliomba kimoyomoyo njia iwe tupu, na mara nyingi niliitikiwa. Kibuyu kile kilirudi Faza kimejaa, nami nikirudi na mama yangu mzima.

Kisha siku moja, pale mikoko inapoanza, tukamkuta msichana wa umri wangu ameketi juu ya mzizi, nyayo zake zimechanwa na chaza, damu imechanganyika na tope. Jina lake lilikuwa Mwanaisha. Alikuwa yatima, ametoka Ndau kwa mashua, akaongozana na watu waliokuwa wakienda Siyu, kwa shangazi yake. Alipoumia, wenziwe waliogopa maji wakamwambia angoje, watamtuma mtu. Mama alikwisha kuchomoa kizibo kabla msichana hajamaliza kusema. Harufu ya ubani ikanijia puani, nikamtazama akinywa, koo lake likipanda na kushuka, na maji mengine yakimdondoka kidevuni bure. Nilitamani apaliwe.

"Shuka, mwanangu, mwenzio apande," mama akasema.

Nikashuka. Maji yalikuwa yameanza kurudi, maana tulikuwa tumepoteza muda tukimfunga vidonda. Yalinifika vifundoni, kisha magotini, tope likininyonya miguu kila nilipoinyanyua. Mama alishika kamba ya Farasi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika Mwanaisha asianguke. Mkono wa tatu hakuwa nao. Mimi nilishika upindo wa leso yake, nikalia kwa sauti ya kumfanya ageuke, naye hakugeuka, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye maji. Tulipofika nchi kavu alinikumbatia, akasema nimekuwa jasiri. Sikutaka kuwa jasiri. Nilitaka goti langu lishikwe.

Nilidhani yangeishia hapo. Kumbe shangazi yake Mwanaisha alikaa nyumba ya pili kutoka kwa bibi, na tangu siku ile hakuna safari tuliyofika Siyu bila kumkuta anatungoja penye minazi ya mwisho, akichechemea kuja kupokea kamba ya punda. Mama alimkanda nyayo kwa mafuta ya nazi, naye akalala kwenye mapaja ya mama, macho ameyafumba, kama aliyezaliwa pale. Aliniita dada. Nilimwambia asiniite hivyo, akacheka, akaendelea. Bibi alipopona na safari zikakoma, mama na Mwanaisha walisikitika. Mimi nilifurahi, na furaha ile haikunipa haya hata kidogo.

Miaka ikapita. Niliolewa Lamu mjini, na baba alipofariki, mama akarudi Siyu kukaa katika nyumba ya bibi. Habari kwamba amezidiwa ilinifikia asubuhi, nikapanda mashua ya kwanza, nikashuka bandari ya Mtangawanda, nikashika njia ya Siyu kwa miguu. Nilikuwa na vibuyu viwili begani, kama alivyobeba mama. Mkono ulikuwa umezoea kuvichukua, hata siku ile nilivibeba bila kufikiri. Nusu ya njia nikamkuta mzee ameanguka na mzigo wake wa makuti, midomo imekauka, hawezi kusimama. Wallahi nilimpita. Nilimpita hatua chache nikiita jina la mama, kisha miguu ikanirudisha. Nilimnywesha, nikamvuta kivulini, nikakimbia shambani kumtafutia watu, nikangoja mpaka walipomwinua.

Nilipofika Siyu, mama alikuwa amefunikwa. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Mwanaisha, na kando yao kulikuwa na kibuyu cha njia cha mama na pamba aliyomlowanishia midomo. Nyumba ilinuka ubani. Mwanaisha alinitazama kwa macho mekundu, akasema, "Aliniuliza u wapi. Nami hamwambia u ndiani. Akauliza, 'Metukua kibuyu begani?' Nami hamwambia naam, hukosi kukitukua. Ndipo akatulia." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nahema, akanipa kibuyu kile cha njia. Nikanywa. Yalikuwa maji baridi, matamu, yenye moshi kwa mbali, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaonja. Niliyanywa nikilia kwa uchungu wa kufiwa na kwa wivu, wala sikujua kipi ni kipi.

Siku hizi boti za injini hutufikisha Mtangawanda kabla ya mtu kumaliza kutapika. Zikikuta mashua imekwama kwenye fungu la mchanga, abiria hupunga mikono na kupita, kila mmoja ana haraka yake. Sisemi zamani watu wote walikuwa wema. Walioongozana na Mwanaisha walikuwa watu wa zamani pia. Mimi bado nabeba chupa mbili, na wajukuu hunicheka kwamba bibi ana kiu ya watu wawili. Nilipokwenda Siyu mara ya mwisho, Mwanaisha alinipokea mlangoni na bilauri ya maji ya kufukizwa. "Nywa, dada, watoka mbali," akasema. Nikanywa, nikimtazama mwanamke huyu aliyepanda punda wangu, aliyelala mapajani mwa mama yangu, na mwisho akamlaza mama mapajani mwake. Namwonea wivu mpaka leo. Na siku yangu ikifika, namwomba Mungu awe yeye atakayenitia maji mdomoni.