Kiti cha kamba kilivyonifikisha kwa ukoo wa babu yangu, kaunti ya Clare, Ireland

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Joburg, sijaongeza chumvi.

Mimi mtu wa Muheza, fundi viti Jeppestown. Babu mzaa mama alikuwa mzungu wa Ireland, msimamizi wa shamba la mkonge. Mama akiwa bado anatambaa, babu akaenda kwao likizo. Hakurudi.

Mama yangu, Mwanaisha, kafa anaitwa mwana haramu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: huko kwao babu alimtaja, au alimficha?

2008 wenyeji walipotuvamia sisi wageni, karakana yangu iliungua, na picha pekee ya babu ikaenda nayo. Aliyewaonyesha mlango ni Rajabu, Mtanga mwenzangu. Namtaja, na asome. Ndiye yule kila siku, "We chotara, babu hajatuma tiketi?"

Eish. Nikaanza upya.

2012 nikaenda internet cafe ya Jules Street, nikaingia kundi la watu wa Clare wanaotafuta koo zao. Kizungu changu cha kuokoteza. Nikaandika jina la babu. Wakataka ushahidi. Sina picha, sina cheti.

Nikawatumia picha ya kiti nilichosuka. Babu alimfundisha bibi, bibi akamfundisha mama, mama akanifundisha mimi. Kamba ya mkonge, pembe nne zinakutana katikati.

Mama mmoja, Nora, akaja inbox: "Kipindue nione fundo la chini."

Nikakipindua, nikapiga picha tena.

"Fundo hilo ni la jikoni kwetu," akajibu. "Uliyemwandika ni baba yangu mdogo."

Akanisimulia yote. Babu hakuwahi kuoa. Alisuka kiti kidogo cha mtoto, akakiweka karibu na moto, marufuku mtu kukikalia. Ukimuuliza cha nani, anatoka nje. Jina la mama yangu hakulitaja hata siku moja.

Nora akasema atanitumia kile kiti.

Wakuu, nilichemka. Mama anatembea peku Muheza, baba yake huko Clare anasuka kiti! Babu naye namsema humu kama Rajabu, marehemu au si marehemu.

Nikamjibu: "Mama mdogo, kaa nacho. Mkalishe mjukuu wako. Akiuliza cha nani, mwambie cha Mwanaisha."

Akafanya. Picha ninayo: katoto kana nywele nyekundu, kamekaa, kanatafuna mkate. Chini Nora kaandika, "Anakiita kiti cha Mwanaisha."

Nilichojifunza: usiogope kudai ukoo wako eti kwa sababu huna karatasi. Mikono yako nayo inajua ilikotoka.

Wenye babu waliopotelea ughaibuni, nyie mlianzia wapi? Na mngekuwa mimi, kiti mngekichukua? Semeni ukweli, sichukii.