Maji Matamu ya Kusini

Nasomea viumbe wa bahari ya barafu, kule kusini kabisa mwa dunia. Mama nimemweleza hadi mate yakanikauka: barafu ikiyeyuka, uduvi wanapungua, na nyangumi wanaowala wanakonda. Likizo hii, nyumbani Mbumbuni, alinikuta nikihesabu nyangumi kwenye picha za kompyuta.

“Hiyo barafu ni ya chumvi?”

Nikamwambia ile iliyo nchi kavu ni maji matamu.

“Na ikiyeyuka inaenda wapi?”

“Baharini, mama.”

Aliniangalia kana kwamba nimeacha mbuzi waingie shambani.

“Maji matamu yote hayo yanamwagika kwa chumvi, na wewe umekaa hapo unahesabu samaki.”

Nyangumi si samaki. Hilo pia nilishamwambia. Hakungoja nirudie, alinipa mitungi miwili akanituma kwenye mto uliokauka, tunakochimba maji mchangani. Nilichimba nikinung'unika hadi shimo likanifika kiunoni, kisha nikaanza kuteka kikombe kimoja kimoja.

Kabla mtungi wa kwanza haujajaa, na mimi nilikuwa nimeanza kuichukia hiyo bahari.