Daktari Yuko Likizo

Nilichomoa waya wa friza ukutani, mtoto akiwa mgongoni. Wapo wanaosema nilivunja chupa, nilimpiga karani, nilivua kanga mbele za watu. Waongo. Nilichomoa waya, basi, nikawageukia watu waliokaa kwenye benchi la nje nikapiga kelele: "Nendeni makwenu! Daktari hayupo! Hayupo hata Tanzania!"

Ilikuwa siku ya kliniki ya magonjwa ya akili, katika hospitali moja ya mjini Morogoro ambayo sina haja ya kuitaja. Nilikuja bila mgonjwa. Mgonjwa ni mama yangu, na mama yangu siku hiyo alikuwa amefungwa kamba mguuni kule kwetu Mgeta, juu mlimani. Nilikuja kuomba sindano yake ya mwezi ili nimpelekee. Karani wa dirishani akaipokea kadi bila kunitazama, akaandika tarehe nyingine.

"Daktari yuko likizo. Rudini mwezi ujao."

"Kaka, mwezi uliopita likizo. Mwezi wa kabla yake likizo. Likizo gani hiyo, ya uzazi?"

Watu wa benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Dada, usinipandishie sauti. Kwa ofisi, daktari yuko likizo."

Hapo hapo mlango wa chumba cha daktari ukafunguliwa, akatoka mwanamke mnene amebeba kreti la soda. Chumba kile nilikijua vizuri, meza yake, viti vyake, dirisha lake linalotazama mlima. Sasa penye meza palikuwa na friza inayonguruma. Nikamuuliza yule mama daktari yuko wapi.

"Yupi? Yule wa vichaa? Mbona alishahama, mwanangu! Yuko Botswana huko, anakula maisha. Mimi nimepangishwa hapa tangu masika."

Ndipo nikauendea waya. Mlinzi alinitoa nje kwa kunishika mkono, kwa adabu lakini, maana alikuwa ananifahamu, na mama wa soda akanifuata mpaka getini akinitukana kwamba nitamlipa barafu yake. Sikuwa na ugomvi naye. Yeye alikuwa ametafuta chumba, akapewa chumba.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinapangishwa au kinauzwa. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilipata mwekezaji, mwekezaji akafunga geti, na mume wangu akaishia kutandika mitumba chini pale sokoni, yeye aliyekuwa fundi wa mashine. Dawa zilihamia madukani. Sisi tuliomaliza kidato cha nne tuliambiwa tujiajiri. Nilijiajiri kuzaa na kuuza maandazi. Simlalamikii mtu kwa hayo. Nayataja ili ieleweke kwamba mtu kuondoka kutafuta maisha hakukuwa jambo la kunishangaza.

Mama aliugua nikiwa darasa la sita. Alianza kusema na watu ambao sisi hatukuwaona, halafu akaanza kuwakimbia, na kule kwetu mtu akikimbia hovyo anakimbilia korongoni. Mjomba, kaka yake mkubwa, ndiye aliyemfunga. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho juu ya mama ni mjomba. Baba yangu alikuwepo, lakini katika jambo lile alikuwa mgeni kama jirani. Mjomba alifunga kamba kwenye nguzo ya banda lake na miaka ikapita. Nilisoma sekondari mama yangu akiwa amefungwa. Nikifungua shule nilikwenda kumuaga bandani.

Daktari alikuja baadaye, nilipokwisha kuolewa mjini. Alikuwa Mnyamwezi, kijana bado, daktari pekee wa akili katika hospitali ile. Nilimweleza habari za mama nikitegemea aniandikie dawa. Akasema anataka kumwona. Alipanda Mgeta kwa lori la kabichi, akamalizia kwa miguu, viatu vya mjini vikimteleza kwenye vile vinjia vyetu, mpaka bandani. Mama alipomwona akauliza, "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama. Shikamoo."

Mama hakuitikia shikamoo. Akakaa vizuri, akafunga kanga yake, na uso wake ukawa uso niliokuwa nimeusahau. Wanyamwezi ni watani zetu, na mtani hapewi salamu ya heshima.

"Mnyamwezi! Mbeba mizigo! Babu zako walipita hapo chini na mizigo ya watu vichwani, wakatuibia kuku. Umeleta kuku wetu?"

"Hatukuiba. Mlituachia wenyewe mlipokimbilia huku juu kama ngedere. Na mmekaa mteremkoni mpaka mguu mmoja umekuwa mfupi. Hebu simama nikuone."

Mama akacheka. Sikuwa nimeusikia mcheko wa mama tangu nilipokuwa navaa sare ya shule ya msingi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda.

Daktari na mjomba walizungumza sana siku ile, wameketi juu ya magunia ya viazi. Mwisho mjomba akafungua kamba kwa mkono wake. Akasema, "Nakuachia wewe. Hospitali siijui, nakujua wewe. Siku ukishindwa, kamba ninayo."

Ikawa kila mwezi mama anashuka na lori, analala kwangu, asubuhi nampeleka sindano. Daktari angeweza kumchoma akamaliza haraka. Hakufanya hivyo. Walitukanana kwanza, mlango wazi, benchi zima linasikiliza, na wagonjwa waliokuwa wameinamisha vichwa wanainua. Mama alirudi shambani. Alilima njegere zake mwenyewe. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenikanda maji ya moto na kumwogesha mwanangu, na sikuogopa kumwachia. Mtu ambaye mama yake hajawahi kuwa bandani hataelewa nikisema hivyo nasema nini.

Sasa siku ya mwisho. Kwetu ilikuwa siku ya kliniki kama nyingine. Mama aliingia na kabichi mbili kwenye kikapu, zawadi, akasema, "Chukua, ule, ulivyokonda unatia aibu kwa mtani."

Daktari akazipokea. Akasema, "Hizi nitazila safarini, mtani. Nakwenda Botswana. Nakwenda kutibu vichaa wenye hela."

"Nenda! Si umezaliwa kubeba mizigo? Sasa wamekununua jumla au rejareja?"

"Jumla. Na huku nilikuwa bure, nalipwa kabichi."

"Ukifa huko usituletee maiti. Tutakuja kula ubwabwa wa matanga, mwili tutautupa jalalani."

"Nizikeni hata korongoni, lakini mje. Mtani akifa nani atamlaza?"

Benchi zima lilikuwa hoi kwa kucheka. Mimi nilicheka mpaka mtoto akaamka. Daktari alikuwa anajifuta machozi, na wote tulijua ni ya kicheko. Mtani akikwambia nakufa kesho unamwuliza sanda yake ya rangi gani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Aliaga mbele ya watu, kwa sauti, na hakuna aliyeagwa.

Isipokuwa mama. Mwezi uliofuata karani alisema likizo, nikampeleka mama kupanda lori arudi. Akiwa tayari juu ya matenga matupu akaniambia, "Yule hayuko likizo. Amekwenda. Si ameniaga?"

"Mama, ule ulikuwa utani."

"Mkono alinishika ule? Mtani hashiki mkono vile."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wamesema atarudi. Nilikuwa nataka lori liondoke, nina maandazi ya kukaanga.

Mwezi wa pili wa likizo hiyo mama alishuka tena, akiwa amekosa sindano ya mwezi wa kwanza, na alikuwa ameanza kutolala. Nesi akamkalisha, akamwuliza anajisikiaje. Mama akamwambia taratibu kabisa: "Daktari wenu yuko Botswana, mwanangu. Tafuteni mwingine." Nesi akanivuta pembeni.

"Hali inapanda. Ameanza kuamini mambo ambayo hayapo."

"Basi mchome sindano, sista."

"Sindano ile huandika yeye. Akirudi likizo ataandika."

Nesi yule alijua. Sasa najua kwamba alijua. Wote pale walijua, mpaka wafagiaji. Daktari aliondoka bila kuandika barua ya kuacha kazi, kwa hiyo kwenye makaratasi bado ni mtumishi wao, na aliyeambiwa aseme likizo alisema likizo. Mama yangu alisema ukweli ndani ya jengo lao, wakauhesabu ukweli wake kuwa ugonjwa. Nami nikaubeba uamuzi wao mpaka nyumbani. Mjomba aliposhuka sokoni na karoti akaniuliza, nikamjibu, "Wamesema hali imepanda, anaamini mambo yasiyokuwepo."

Mjomba akauliza, "Na yule niliyemwachia?"

"Yuko likizo, mjomba."

"Hata kwa mtani wake hakuja kusema?"

Mwezi wa tatu mama hakushuka.

Kwa hiyo siku ile ya friza mlinzi aliponitoa nje sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja yanapopakia malori ya Mgeta, mtoto na mimi, bila nguo ya kubadili. Njiani nilikuwa namtukana yule daktari moyoni, matusi ambayo si ya utani. Halafu nikakumbuka mabanda yake ya kuku nyuma ya nyumba za hospitali, na namna alivyokuwa akiuza mayai kwa manesi, daktari mzima, ili watoto wake wasome. Mume wangu angeitwa Botswana leo, ningemfungia begi mwenyewe. Hasira ikabaki haina pa kukaa, ikarudi kwenye lile dirisha la karani.

Nilimkuta mama bandani. Mjomba alikuwa amekata mkono wa sweta la mtumba, sweta zuri la sufu, akauzungushia kwenye kifundo cha mguu kabla ya kufunga kamba, ngozi isichubuke. Alisimama mlangoni, hakuweza kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nikamsalimia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

Nikachutama mbele ya mama. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa unasema kweli. Daktari yuko Botswana. Wametudanganya. Mimi ndiye sikukusikiliza."

Alikuwa anachambua nyuzi za lile sweta, uzi mmoja mmoja. Hakumtazama mtoto, ambaye alikuwa anamnyooshea mikono kwa kumzoea.

"Hapana, mwanangu," akasema, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Yuko likizo. Wamesema. Atarudi."

Nikarudia. Nikamshika mabega. Nikamwambia yale yote, mkono, kabichi, ubwabwa wa matanga. Akatikisa kichwa. "Usiseme hivyo mbele za watu," akaninong'oneza. "Watakufunga."

Nilishuka na lori la alfajiri, nimekaa juu ya kabichi za kwenda Dar. Nilipofika mjini nilinunua karatasi yenye mistari, nikaandika kwa mkono, mara moja, bila rasimu. Masjala walikataa kuipokea mpaka iwe na kichwa cha habari, nikaongeza kichwa cha habari pale pale kwenye kaunta. Wakagonga muhuri. Niliandika hivi:

*Kwa Mganga Mfawidhi.*

*YAH: KUDANGANYWA KWAMBA DAKTARI YUKO LIKIZO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni binti wa mgonjwa wenu wa kliniki ya akili. Silalamiki kwamba daktari amekwenda nchi nyingine. Ni haki yake na aliaga. Nalalamika kwamba ofisi yako iliwaamuru watumishi waseme yuko likizo, hali mkijua hayupo, na mkawapangia wagonjwa tarehe za kuja kumwona, na wagonjwa hao wanatoka mbali milimani.*

*Pili, nalalamika kwamba mama yangu aliwaambia ukweli, nanyi mkasema ukweli huo ni dalili ya ugonjwa. Kwa neno lenu hilo ndugu zake wamemfunga kamba, na sasa yeye mwenyewe hauamini tena. Kabla hamjamdanganya alikuwa amepona kiasi cha kulea mjukuu.*

*Naomba yafuatayo. Daktari yeyote aliyepo aandike sindano ile. Nesi yule yule aliyesema hali imepanda apande nayo Mgeta akamchome mama yangu, na amwombe radhi mbele ya mjomba, ili mjomba afungue kamba. Njia nitamwonyesha mimi. Mtoto wangu nitambeba mwenyewe, hatapata tabu.*

*Kuhusu friza: nilichomoa waya kwa makusudi. Kama kuna kesi, niiteni.*

*Nakala: wagonjwa wote wa benchi la nje. Nitawasomea kwa sauti siku ya kliniki.*